Kipande Kilichokuwa Mfukoni Mwangu

Aziza mwanangu,

Umekwenda bandarini kupeleka sanduku lako la vyombo, na mama yako ameapa kwamba hatutakula kabla hujajua. Jua bado liko juu ya bati la jirani. Nimekaa barazani, kwenye ile meza uliyozoea kufungulia redio za watu, na mbele yangu kuna tupa, kuna kipande cha chuma chenye urefu wa kidole gumba, na kuna karatasi hii. Karatasi ndiyo inayonitisha, kwa hiyo nimeanza nayo.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya wanaume wa kwenye mashua sitayagusa. Mama yako amekuambia hayo mpaka umechoka, na wewe si mtoto. Mimi nina jambo moja: adapta yako ninayo. Ile uliyoitafuta Makiso nzima, uliyoiulizia kwa wauza vyuma kuanzia sokoni mpaka kwenye gati. Ilikuwa mfukoni mwangu.

Usichane karatasi. Soma kwanza, kwa sababu kuna habari ya mkono wako humu ndani, na hiyo haiwezi kungoja hasira yako ipoe.

Unakumbuka siku uliyokuja na ile pinsi ya kukunja. Ulikuwa umeinunua kwa fundi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, ukanifungulia hapa mezani kiungo kimoja kimoja: koleo, kisu, msumeno, na ile turnevisi, bisibisi yenye mdomo mwembamba unaopokea ncha bapa tu. Ncha zake mbili hazikudumu. Moja ilizama ulipokuwa unavuka mto kwenda Lubunga, nyingine ikavunjika. Ncha bapa za namna hiyo hakuna anayeziuza Kisangani. Zilizopo ni zile za kawaida, zenye mkia wa pembe sita, zimejaa katika visanduku vya plastiki kwenye kila duka. Ulichohitaji ni kipande cha kuunganisha viwili hivyo: upande mmoja bapa, uingie kwenye pinsi, upande wa pili uwe na tundu la pembe sita la kupokea ncha yoyote ya skrubu, ya msalaba au ya nyota.

Halafu yule mama mwenye balenieri akakuita uwe fundi wa injini kwenye mashua yake, kutoka hapa mpaka Kinshasa. Uliniletea habari hiyo huku unacheka, nami nikacheka, lakini meno tu. Ndipo ukasema:

"Papa, bila ile kipande mi siwezi kupanda. Kule chini ya moteur mukono moja tu njo inaingia, na vifuniko yote iko na visi ya nyota."

Nikasema moyoni: basi isipatikane.

Sikuwa nimepanga ubaya wowote. Nilikuwa natumaini tu, jinsi mtu anavyotumaini mvua inyeshe siku asiyotaka kwenda kazini. Ukaanza kutafuta, na kila jioni uliporudi mikono mitupu mimi nilikula vizuri. Mama yako aliliona hilo kabla yangu. Aliniuliza kwa nini siku hizi nina hamu ya kula sombe kiasi hicho, nikamwambia ni mkono wake.

Siku niliyoipata sikuwa hata naitafuta. Nilikuwa nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, kwenda Makiso kununua waya, nikapita kwa tonton Bosco, yule anayeuza vyuma vya mtumba kwenye beseni karibu na gati. Nilikuwa napekua tu, mkono umezoea kupekua. Ikatoka. Niliijua kabla sijaifuta mafuta. Upande mmoja bapa, upande mwingine tundu la pembe sita lenye sumaku kidogo ndani. Bosco naye akaijua.

"Bon, papa," akaniambia, "mwana yako alipita hapa, iko anatafuta kitu ya namna hii. Nimuitie?"

Nikamwambia asikuite, nitakupelekea mwenyewe. Akauliza kama nataka kukushangaza. Nikasema ndiyo, ni zawadi, naye akaapa kwamba hatatoa neno. Ndiyo maana uliporudi kwake mara ya pili alikuwa anatabasamu na kukuambia uvumilie. Alidhani anakutunzia furaha.

Nilirudi nyumbani ukiwa umekaa kwenye kizingiti. Ukaniuliza kama nimepata. Nikakuambia wanasema labda Kinshasa. Ulicheka, ukasema, "Donc nifike kwanza Kinshasa, ndiyo nipate kitu ya kunifikisha Kinshasa." Ulikuwa mzaha mzuri, na nilishindwa kucheka. Ukadhani nimechoka, ukaniletea maji. Maji yale niliyanywa, Aziza, na adapta yako ilikuwa inanigusa pajani.

Kuna jingine ambalo nikiliandika mkono unakuwa mzito. Ni mimi niliyekutuma Bengamisa. Nilikuambia kuna mtu kule anayetengeneza misumeno ya wapasua mbao, huenda ana vipande vya namna hiyo. Ulikodi pikipiki, ukaenda na barabara ile, ukanyeshewa, ukarudi na tope mpaka kwenye nyusi. Mtu huyo yupo kweli, lakini nilijua hana. Nilitaka siku ile ipite tu. Ulipochelewa kurudi nilisimama barabarani mpaka mama yako akaniuliza mbona leo naogopa pikipiki kuliko siku zote. Nikamjibu kwa ukali, na hakustahili.

Sasa nikueleze habari ya ile adapta nyingine, niliyokutengenezea mimi.

Ulianza kukata tamaa, na nilipaswa kufurahi. Lakini nilikuona umekaa hapa na pinsi mkononi, unaifungua na kuifunga, na sikuweza kuvumilia. Nikachukua bolti ya zamani, nikaichonga upande mmoja iwe bapa, upande mwingine nikagongea kipande cha bomba kikapata pembe. Haikukaa. Ilikuwa inacheza mdomoni mwa pinsi, ingeonekana hata na mtu asiyejua kazi. Nikafanya ninachofanya siku zote, ambacho kila fundi wa mji huu anafanya: nikakata ukanda wa shambreri ya baiskeli, mpira mweusi wa gurudumu la toleka, nikauzungusha kwenye ule upande bapa, nikausukuma ndani kwa nguvu. Ikakaa kimya.

Nilifikiri mambo mawili kwa wakati mmoja, nami nakuambia yote mawili. La kwanza, nilikuwa nakuonea huruma. La pili, nilikuwa na hakika utaipima, utaikataa, na utabaki. Wewe ndiye uliyekataa kazi zangu nzuri kuliko hiyo. Ukaijaribu kwenye visi za redio, ambazo hata ukucha unaweza kuzifungua. Ikazungusha. Ukaruka, ukanishika shingo, ukasema, "Papa, weye njo fundi." Kabla sijafungua mdomo ulikuwa umekwenda kumwambia mwenye mashua kwamba uko tayari.

Hukuipima kwenye kitu kigumu kwa sababu niliitengeneza mimi. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Nilikuficha kitu kizuri ili ubaki, na kwa kitu kibovu nikakuondoa.

Unavijua vidole vyangu, hivi viwili visivyopo kwenye mkono wa kushoto. Ulipokuwa mdogo nilikuambia ngando, mamba wa mtoni, alivila, nawe ukawa unavaa kandambili mpaka kitandani ili asikule na wewe. Ulipokua ukaambiwa ilikuwa mashine, ukatosheka. Hukuuliza ilikuwaje, na mimi sikupenda kusimulia, kwa sababu si hadithi ya ushujaa.

Ilikuwa chini ya Isangi, pale mto Lomami unapoingia na maji kuanza kusukumana. Nilikuwa kijana, fundi wa balenieri kama utakavyokuwa kesho. Mvua ilikuwa inapiga, na kifuniko kinachokinga mkanda wa injini kilianza kutetemeka, visi zake zilikuwa zimelegea. Kuzima injini hatukuweza, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na miti iliyozama, na bila injini mto ungetulaza juu yake pamoja na watu wote. Nikasema nitakikaza injini ikiwa inazunguka. Nilikuwa na turnevisi ya mpini mmoja na ncha za kubadilisha. Ncha zilikuwa zinacheza, basi nilikuwa nimezifunga mpira wa shambreri, na kwa siku nyingi mpira ule ulinitumikia vizuri. Visi ya kwanza ikakaza. Ya pili ilikuwa na kutu. Nikaegemea kwa uzito wangu wote, na mpira ukaviringika ndani.

Hakuna sauti inayokuonya. Unadhani umeshika chuma, kumbe umeshika mpira, na mpira ukichoka hauvunjiki, unateleza tu. Ncha ikaruka kutoka kwenye visi na mkono wangu wa kushoto ukafuata kule ulikokuwa umeegemea, ndani ya mkanda. Nahodha akazima injini. Mashua ikazunguka ubavu, watu wakaanza kuita majina ya Mungu, kila mtu kwa dini yake. Tuliangukia kwenye majani ya ukingoni na si kwenye miti, na hilo halikuwa kwa ustadi wa mtu yeyote. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni mwa mashua, mkono ndani ya shati langu, natafuta ile turnevisi. Nilitaka kuona imeharibika wapi. Haikuwa imeharibika popote. Ilikuwa vilevile nilivyoifunga.

Na mimi niliye na mkono huu nimekufungia wewe mpira uleule.

Leo asubuhi mama yako alikuwa anafua. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa suruali yangu ya kaki akatoa kipande. Alikiweka juu ya meza hii, akaenda akasuuza shuka zima akarudi. Ndipo akaniuliza:

"Papa Aziza, hii njo kitu mutoto iko anatafuta?"

Akasema, bila kupaza sauti, "Kama hautamuambia mbele ya chakula, mi njo nitamuambia. Na nitamuambia vibaya."

Nilipochukua karatasi alinicheka. Alisema tutakaa wote kwenye meza moja jioni hii, halafu nakuandikia barua, kana kwamba uko Ulaya. Nikamwambia nikikuambia kwa mdomo nitaanza kugombana nawe katikati, ninavyojijua. Alifikiri kidogo akaona ni kweli. Amekubali barua, kwa sharti niiweke mkononi mwako mwenyewe, nisiifiche kwenye mkoba, na uisome kabla ya kulala.

Baada ya hapo nikaanza kazi, na nataka ujue nimefanya nini, kwa sababu ni wewe utakayeitumia.

Ulikuwa umeiacha pinsi mezani, na adapta yangu ya mpira ndani yake. Kwanza niliijaribu hiyo. Nyumba yetu ina visi za nyota mahali pamoja tu, kwenye bawaba za mlango wa mbele. Waliotutangulia kuishi hapa walizitoa kwenye kasha la jenereta, na tangu tuhamie hakuna aliyewahi kuzikaza, ndiyo maana mlango umelala na unakwaruza sakafu. Nilisukuma, nikazungusha kwa nguvu ya kweli. Ikafanya kama nilivyokuambia. Iliruka, ikachimba mbao. Angalia chini ya bawaba ya mwisho, utaona kovu, limepita palepale ambapo kidole chako cha shahada kingekuwa. Sikulipiga rangi. Nimeliacha ulione kwa macho yako, maana neno langu kwa sasa halina thamani kwako, na una haki.

Kisha nikachukua ile ya kweli. Nayo haikuingia. Upande wake bapa ulikuwa mnene kidogo kuliko mdomo wa pinsi, na hapo niliogopa, kwa sababu ni moja tu. Ukichonga kidogo mno, haiingii. Ukichonga zaidi, itacheza, na utarudi kwenye mpira. Mkono wangu wa kushoto haushiki vizuri, unajua. Nilikwenda jikoni nikapaka kidole masizi chini ya sufuria ya mama yako, naye akanitazama tu. Nikapaka masizi kwenye chuma, nikakiingiza mpaka kilipokataa, nikakitoa. Palipong'aa ndipo palipokuwa panagusa. Nikapitisha tupa hapo, mara chache, upande huu na upande ule sawasawa, maana ukichonga upande mmoja ncha itakaa kombo. Nikapaka tena, nikaingiza tena. Nimefanya hivyo tangu mchana. Mara moja tupa iliteleza, nikaona jasho limedondoka juu ya karatasi hii. Ndilo hilo doa lililo karibu na jina lako.

Mwishowe ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kugongwa. Ikawa haichezi. Lakini ilikuwa inatoka ukiivuta, kwa sababu kile kijino chenye springi ndani ya pinsi hakikuwa na pa kushika. Nikaichonga mfereji mdogo ubavuni. Ukiisukuma sasa utasikia inagonga kidogo, ti, hapo ujue imekaa. Usipoisikia, itoe uifute, kuna uchafu ndani. Sumaku ya upande wa pili ni dhaifu, ncha inaweza kukudondokea chini ya injini, kwa hiyo ishike kwa vidole mpaka ikae kwenye visi. Na visi yenye kutu usiianze kwa pinsi hii hata kidogo. Ianze kwa turnevisi ya kawaida yenye mpini mzito, ikikubali ndipo umalizie. Ikikataa, na mashua inatembea, mwambie nahodha atafute ukingo kwanza. Atakusonya. Akusonye, uwe na vidole kumi.

Ile ya mpira nimeitupa chooni. Usiitafute.

Lakini bado nilihitaji kujua kama hii ya kweli inaweza kazi ngumu, na visi ngumu za nyota, nimekuambia, ziko kwenye mlango tu. Nikafunga ncha, nikasikia ti, nikasukuma, nikazungusha. Ya kwanza ikalia, ikakubali. Nikaendelea. Adapta haikusogea hata unywele. Nikakaza bawaba ya juu, ya kati, na ya chini, mlango ukainuka kutoka sakafuni. Nikatia mafuta. Mama yako akaja akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akasema, "Miaka yote hii," akarudi jikoni.

Nilisimama pale na pinsi mkononi, na ndipo nikaelewa nimefanya nini.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya safari, ukiwa tayari una tarehe. Nilisema ukienda usinitarajie bandarini. Wewe hukupandisha sauti. Ulisema, "Hakuna shida, papa. Asubuhi nitatoka pole pole. Sitakulamusha." Ukainuka ukaosha sahani yako. Neno hilo, kwamba hutaniamsha, liliniuma, lakini nilijipa moyo kwamba hutaweza kuondoka nisikusikie. Mlango ule umekuwa askari wangu tangu ulipoanza kurudi umechelewa. Ulikuwa unauinua kidogo kwa bega ili usikwaruze, nami kitandani nilikuwa nasikia hata hiyo pumzi ya kuuinua, nasema moyoni, ameingia, ndipo nalala. Kwa hiyo sikuomba radhi. Nilisema, alfajiri mlango utalia, nitainuka, nitajifanya nakwenda kuchukua maji ya kutawadha, tutakutana hapo kizingitini bila mtu kumwomba mwenzake chochote.

Ndivyo nilivyo, Aziza. Hata kuagana nilitaka mlango unifanyie.

Naogopa mto. Naogopa injini ile, naogopa pale chini ya Isangi. Zaidi ya hayo naogopa kwamba ukimaliza kusoma hutaniangalia usoni, na mashua itaondoka hivyo. Ningependa kukuambia nilifanya yote kwa upendo. Nilikuwa nakupenda, ndiyo, lakini aliyenyeshewa kwenye barabara ya Bengamisa ni wewe.

Wewe ni fundi kunishinda. Nimelijua hilo muda mrefu, na sikulisema kwa sababu nililiona kama cheti cha kukuruhusu uende. Nalisema sasa, ingawa najua nimechelewa. Ukifika chini ya injini ile na mkono wako mmoja, adapta haitakuangusha. Nimeipima mahali pagumu kuliko pote nilipokuwa napo.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unawaaga. Mama yako ameanza kupakua. Nikikukabidhi karatasi hii na pinsi utakuwa nazo zote mbili, na mimi mfukoni sitabaki na kitu.

Mlango haulii tena, mwanangu. Kesho ukitaka kutoka nisijue, utaweza, na sitakulaumu. Lakini kama umebakiwa na huruma kidogo kwa papa yako, nitakubebea sanduku la nguo mpaka gatini, kimya, bila neno la kukuzuia.

Unilamushe.

Papa